"30+10+5" ni asilimia ngapi? Jibu kwa mwenye duka la vifaa vya maji

Swali: "Habari za kazi, mtaalamu. Nina duka la vifaa vya maji hapa Morogoro. Wauzaji wangu wawili wa jumla, wote wa Dar es Salaam, wamenitumia orodha mpya za bei. Wa kwanza ananipa punguzo la 30+10+5, mzigo analeta hadi dukani, nalipa ndani ya siku 30, na nikilipa ndani ya siku 7 ananiongezea asilimia 2. Wa pili ananipa asilimia 42 moja kwa moja, ila ni taslimu na mzigo naufuata mwenyewe Kariakoo. Geti valvu ya inchi moja, kampuni ileile, kwa wa kwanza imeandikwa 48,000, kwa wa pili 56,000. Kwa hesabu zangu wa kwanza ananipa 45, au 47 nikiwahi kulipa, kwa hiyo ndiye mwenye nafuu. Mume wangu anabisha. Jambo la pili: nikishanunua naongeza asilimia 25, mteja akilalamika namtolea 10, kwa hiyo nabaki na 15. Mbona mwisho wa mwezi hiyo 15 siioni? Nimeambatanisha picha za kurasa mbili za orodha."

Dada yangu, mume wako ana haki ya kubisha, ingawa sijui kama sababu yake ni hii yangu.

Tuanze na 30+10+5. Alama ya kujumlisha pale isikuhadae, hakuna kinachojumlishwa. Kila punguzo linakatwa kwenye kilichobaki baada ya lile lililotangulia. Chukua valvu yako ya 48,000. Asilimia 30 yake ni 14,400, zinabaki 33,600. Asilimia 10 sasa haikatwi kwenye 48,000 bali kwenye hizo 33,600, yaani 3,360, zinabaki 30,240. Asilimia 5 inakatwa kwenye 30,240, ambayo ni 1,512. Unalipa 28,728. Umepunguziwa jumla ya 19,272, na ukizigawa kwa 48,000 unapata asilimia 40.15. Ile 45 uliyokuwa nayo kichwani ingekufanya utegemee ankara ya 26,400. Tofauti ni shilingi 2,328 kwa kila valvu, na nadhani umewahi kuiona tofauti ya namna hiyo kwenye ankara ukadhani wamekuibia.

Njia nyepesi ni kuacha kuhesabu kinachotolewa na kuhesabu kinachobaki. Ukitoa 30 kwenye mia zinabaki 70, ukitoa 10 zinabaki 90, ukitoa 5 zinabaki 95. Kwenye kalkuleta ya simu bonyeza 0.7 × 0.9 × 0.95, utapata 0.5985. Namba hiyo moja iandike kwa penseli juu ya kila ukurasa wa orodha ya muuzaji huyo. Kila bidhaa utakayoitazama, zidisha bei iliyochapishwa kwa 0.5985, unapata bei yako. Kile kitufe cha % sikushauri sana kukitumia kwa makato ya mfululizo, maana kalkuleta hazikubaliani: nyingine ukibonyeza toa 30 kisha % inakata kwenye namba iliyopo, nyingine inatafsiri vingine kabisa. Kuzidisha hakuna ubishi.

Kwa kuwa ni kuzidisha, mpangilio wa makato haubadilishi kitu. Uanze na 5, uje 10, umalizie 30, utafika palepale kwenye 28,728. Nasema hivi kwa sababu kuna vijana wa mauzo wanaopenda kumwambia mteja "tunakuanzia na kubwa ili ufaidike zaidi". Hakuna faida yoyote hapo. Mpangilio una maana pale tu asilimia inapochanganywa na shilingi kamili. Wakikuambia "elfu mbili tunakutolea, halafu asilimia 10", valvu ya 48,000 inakuwa 41,400. Wakianza na asilimia 10 ndipo watoe elfu mbili, inakuwa 41,200. Mnunuzi aombe asilimia kwanza, shilingi baadaye.

Utaniuliza, kwa nini wasiandike tu asilimia 40 tukaelewana? Kila namba kati ya zile tatu ina kazi yake. Mara nyingi ya kwanza ni ya kila mwenye duka. Ya pili ni ya mteja anayechukua mzigo mkubwa au wa muda mrefu. Ya tatu ni ya msimu, ya kusukuma mzigo uliokaa ghalani. Zikiandikwa mbalimbali, muuzaji anaweza kuiondoa moja bila kugusa nyingine na bila kuchapisha orodha upya. Ile 5 ya mwisho huwa ndiyo ya kwanza kuondoka, kwa hiyo usiitegemee kwenye hesabu zako za miezi sita ijayo.

Sasa ulinganisho wenyewe. Ukitazama asilimia peke yake, 42 ya wa pili inaishinda 40.15 ya wa kwanza. Lakini asilimia hizo zinakatwa kwenye bei mbili tofauti. Asilimia 42 kwenye 56,000 inabakisha 32,480. Kwa wa kwanza ni 28,728. Yaani mwenye punguzo dogo ndiye mwenye bei ndogo, tena kwa karibu shilingi 3,750. Mpaka hapo ungemwambia mume wako atulie.

Ila nimezikuza zile picha. Chini kabisa ya ukurasa wa muuzaji wa kwanza, kwa herufi ndogo kuliko za bei, kuna mstari unaosema bei hazijajumuisha VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya 18%. Kwenye ukurasa wa wa pili, juu, pembeni ya nembo, wameandika bei zote ni pamoja na VAT. Kwa hiyo ulikuwa unalinganisha bei iliyovaa na bei isiyovaa. Ivishe ile ya kwanza: 28,728 mara 1.18 ni 33,899. Wa pili amebaki na 32,480 yake. Sasa wa pili ndiye mwenye nafuu, kwa shilingi 1,419 kila valvu. Ukimlipa wa kwanza ndani ya siku 7 upate ile asilimia 2, na wakakuandikia ankara ya bei iliyokwisha kukatwa, unalipa 33,221. Bado wa pili yuko chini, kwa 741.

Kama umesajiliwa VAT na unadai kodi ya manunuzi, yaani VAT uliyolipa ulipokuwa unanunua mzigo, fanya ulinganisho bila VAT kwa wote wawili, na hapo ndipo watu wengi hujikwaa. VAT iliyo ndani ya bei haitolewi kwa kukata asilimia 18. Asilimia 18 ilihesabiwa kwenye bei ndogo ikaongezwa juu, kwa hiyo unarudi nyuma kwa kugawa: 32,480 gawanya kwa 1.18 ni 27,525. Ukikata 18 kwenye 32,480 unapata 26,634, bei ambayo haipo popote. Hata hivyo wa pili anaendelea kuwa chini, 27,525 dhidi ya 28,728. Ila hakikisha risiti ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi, inatoka. Bei "pamoja na VAT" isiyo na risiti ni bei tu, na hiyo kodi hutaidai popote.

Je, umkimbilie wa pili? Polepole. Ukichukua valvu 40, nafuu yake dhidi ya wa kwanza aliyelipwa mapema ni kama shilingi 29,640 kwa mzigo mzima. Humo utoe nauli yako ya kwenda Kariakoo na kurudi, mkokoteni wa kutoka dukani hadi stendi, gharama ya mzigo kwenye basi, na siku nzima ya duka kuachiwa kijana. Wewe ndiye unayejua hizo ni shilingi ngapi. Mimi ningesema kwa valvu 40 peke yake safari hailipi. Kwa mzigo mchanganyiko wa mara moja kwa mwezi inaweza kulipa.

Na uangalie bidhaa moja moja, kwa sababu orodha mbili hazipandi wala kushuka pamoja. Muuzaji wa kwanza namba yake pamoja na VAT ni 0.5985 × 1.18, yaani 0.706. Wa pili ni 0.58. Kwenye picha zako, elbo (kiungo cha kona) ya bomba za plastiki za PPR, ya milimita 20, kwa wa kwanza imeandikwa 1,200, inakuwa 847. Kwa wa pili imeandikwa 1,500, inakuwa 870. Hapa wa kwanza ameshinda, na mzigo anakuletea. Inawezekana kabisa elbo na soketi uchukue huku, valvu uchukue kule. Muulize wa pili pia kama ile 42 ni ya orodha nzima. Kawaida punguzo la valvu si la bomba. Bomba zina faida finyu na mara nyingi punguzo lake ni dogo, na kuna bidhaa zinazowekewa alama kwamba bei yake ni halisi, haipunguzwi hata senti.

Kuhusu ile asilimia 2 ya kuwahi, watu huidharau kwa udogo wake. Itazame upande wa pili: usipoichukua, unalipa asilimia 2 ili ukae na pesa ya muuzaji kwa siku 23 zaidi, kuanzia siku ya 7 hadi ya 30. Zigeuze siku 23 ziwe mwaka, unapata riba ya kama asilimia 32. Kwa hiyo kama una fedha zimelala, au una mkopo wa benki wa asilimia 18 kwa mwaka, lipa ndani ya siku 7. Kama fedha pekee unayoweza kuipata haraka ni ya kausha damu, ile mikopo ya mtaani yenye riba kubwa, iache 2 iende, subiri siku 30 zako kwa amani.

Sasa nikurudishe nyuma kidogo, maana swali lako lina dhana moja iliyojificha: kwamba bei ya kwenye orodha ndiyo bei "ya kweli" na punguzo ni zawadi. Kwenye vifaa vya ujenzi si hivyo. Hakuna mwenye duka anayelipa 48,000 kwa ile valvu. Hiyo ni namba ya kuanzia kuhesabu, iliyowekwa juu makusudi ili kila ngazi, msambazaji, muuzaji wa jumla, wewe, fundi, ikatiwe kipande chake bila mteja wa mwisho kuona nani kapata nini. Muuzaji akitaka kukupa "asilimia 60" anaweza kesho asubuhi, akianza kwa kupandisha orodha. Biashara nyingine ziko kinyume kabisa. Ufaransa, kwa sheria ya mwaka 1981, kitabu kipya kinauzwa kwa bei aliyopanga mchapishaji na duka haliruhusiwi kuipunguza zaidi ya asilimia 5. Huko bei ya orodha kweli ni bei. Na kwenye maduka ya rejareja yanayopiga mstari "bei ya zamani", Umoja wa Ulaya ulichoka na ujanja huo: tangu Mei 2022, anayetangaza punguzo lazima aonyeshe bei ya chini kabisa aliyouza ndani ya siku 30 zilizotangulia. Kwetu Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, lakini kwenye orodha ya jumla mlinzi wako ni kalkuleta yako. Kila ukisikia asilimia, uliza: asilimia ya nini? Ukijibiwa, uliza tena: na hiyo nini imebadilika lini?

Swali lako la pili sasa. Tuchukue valvu uliyoinunua kwa 32,480. Unaongeza asilimia 25, ambayo ni 8,120, unaibandika 40,600. Mteja analalamika, unamtolea 10. Hiyo 10 unaikata kwenye 40,600, bei iliyokwisha kunenepa, si kwenye 32,480. Ni 4,060. Anaondoka nayo kwa 36,540, na kwako imebaki 4,060. Tazama hizo namba mbili za mwisho: ulichompa mteja na ulichobaki nacho ni sawasawa. Umeigawa faida nusu kwa nusu na mtu aliyekuja kulalamika kwa dakika mbili.

Kwa asilimia, hiyo si 15. Ukiipima kwenye bei ya kununulia ni 12.5. Ukiipima kwenye mauzo, ambako ndiko unakohesabia droo jioni, ni 11.1. Kwa hiyo ukiuza milioni moja siku hiyo kwa mtindo huo, faida yako kabla ya matumizi ni kama 111,000, wakati kichwa chako kinasubiri 150,000. Umeshapata zilikokwenda 39,000.

Halafu kuna fundi. Hukumtaja, lakini sijaona duka la vifaa vya maji lisilo na fundi. Anamleta mteja, anasimama nyuma yake akikutazama, na jioni anarudi kuuliza yake. Ukimpa asilimia 5 ya mauzo ya 36,540 ni 1,827. Zimebaki 2,233 kwenye valvu iliyokugharimu 32,480. Humo kuna kodi ya pango, umeme, kijana wa duka. Si ajabu huioni hiyo 15.

Punguzo linalofuta faida yote ya asilimia 25 si la 25. Ni la 20. Hakikisha: 40,600 toa 20 kwa mia ni 32,480, bei uliyonunulia, hadi shilingi. Ukiwa na kijana mpya kaunta, hili ndilo la kumfundisha kwanza, kwa sababu anaposikia "tunaongeza 25" anaamini kwamba hata akitoa 20 duka limebaki na 5.

Cha kufanya ni kuhesabu kutoka mwisho kuja mwanzo. Amua kwanza unataka kubaki na nini baada ya mteja kukatiwa, ndipo upange bei ya kubandika. Kama unataka kweli ile 25 juu ya manunuzi, unatakiwa upokee 40,600 mkononi. Unajua utatoa 10, kwa hiyo mteja atalipa 90 katika kila 100 ya bei ya kubandika. Gawanya: 40,600 kwa 0.9 ni 45,111. Bandika 45,500, ukimtolea 10 inakuwa 40,950. Kama lengo lako ni faida ya asilimia 25 ya mauzo, si ya manunuzi, basi unachohitaji kupokea ni 32,480 gawanya kwa 0.75, yaani 43,307, na bei ya kubandika inapanda zaidi. Hapo utaangalia jirani anauza ngapi, maana Morogoro si wewe peke yako mwenye geti valvu. Huenda ukaona soko halibebi 45,500. Sawa, bandika 42,000, lakini kiwango cha juu cha punguzo kiwe 4, na kiandikwe kaunta ili kijana asijipangie. Kwenye elbo na tepu za kuzuia maji ongeza zaidi. Hizo hakuna anayezunguka mji kuulizia bei yake.

Kwa mteja mgumu ni afadhali umtolee kitu kuliko asilimia. Tepu mbili za kufungia zikikugharimu mia chache kila moja ni zawadi inayoonekana mkononi, wakati 10 kwa mia ya valvu ni 4,060.

La mwisho ni la kukulinda siku orodha ijayo itakapofika. Muuzaji wa kwanza anaweza kuja na bei zilezile, 48,000 kama kawaida, na ujumbe wa heshima kwamba punguzo la kwanza limeshuka kutoka 30 hadi 25 kutokana na gharama za usafirishaji. Utasema, asilimia 5 tu. Lakini wewe hulipi zile 30, unalipa zile 70 zinazobaki, na sasa zimekuwa 75. Kutoka 70 kwenda 75 ni ongezeko la asilimia 7.1. Valvu iliyokuwa 28,728 itakuwa 48,000 × 0.75 × 0.9 × 0.95, yaani 30,780, kabla ya VAT. Kadiri punguzo linavyokuwa kubwa ndivyo kila pointi inayoondoka inavyouma: yule wa pili akishuka kutoka 42 hadi 37, bei yako imepanda kwa asilimia 8.6. Siku hiyo futa ile 0.5985 ya penseli, andika 0.641 na tarehe pembeni yake, na bei zako za kaunta zisogeze kwa 7.1, si kwa 5.